Dar hadi Morogoro, kwenda na kurudi siku moja kwa gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye gari dogo, familia au marafiki watatu wanne, na siku moja tu ya mapumziko. Tumeichagua Morogoro kwa sababu ndiyo safari ya bara ambayo unaweza kuifanya ukalala kwako, na bado ukahisi kweli umetoka mjini: joto la pwani linapungua, ardhi inainuka, milima inatokea. Wanaotaka kwenda karibu zaidi au mbali zaidi wana maswali yao huko chini.

Ni kilometa ngapi, na inachukua muda gani?

Kutoka katikati ya jiji hadi Msamvu, kwenye stendi ya mabasi ya Morogoro, ni takribani kilometa 195. Ukiangalia kilometa peke yake utasema muda wa saa mbili na nusu unatosha. Hautoshi. Barabara ya Morogoro ndiyo inayobeba mizigo ya bandari kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na mabasi ya mikoani yanapita humo humo. Kuanzia Kimara mpaka Kibaha barabara ni pana, njia nane, unakwenda bila shida. Baada ya Kibaha inabaki njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na hapo mwendo wako unaamuliwa na lori lililo mbele.

Weka muda wa saa tatu na nusu hadi nne wa kwenda, na nne na nusu wa kurudi. Ukifika mapema, umeshinda. Lakini usipange ratiba ya mtu aliyebahatika.

Niondoke saa ngapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na laiti watu wangelifikiria kabla ya kufikiria chakula na nguo. Saa kumi na moja alfajiri uwe umeshapita Ubungo. Giza bado lipo, lakini kipande cha Kimara hadi Kibaha kina njia nyingi na taa, na kunapokucha utakuwa unakaribia Mlandizi, ambako ndiko unahitaji mwanga. Ukichelewa mpaka saa moja asubuhi utakuta daladala, malori yaliyolala njiani yameshaamka, na foleni ya Mbezi mwisho.

Kwa mtu wa Mbagala au Kigamboni, maana yake ni kutoka nyumbani saa kumi. Waandae watoto usiku, wavae nguo za safari, uwabebe wakiwa wamelala. Mafuta yajazwe jana yake jioni. Mtu anayeanza safari kwa kupanga foleni sheli ameshapoteza nusu saa ambayo haitarudi.

Halafu kuna saa ya kugeuza, ambayo wengi huisahau. Anza kurudi saa nane mchana, na saa tisa iwe mwisho kabisa. Jua la kwetu linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro, kutegemea mwezi, na likishazama hakuna machweo marefu: dakika chache tu, giza. Ukitoka Msamvu saa nane, kipande kibaya cha Chalinze hadi Mlandizi unakipita ukiwa bado unaona. Kundi zima likubaliane saa hiyo kabla ya kuondoka Dar, ili shemeji asije kuagiza mbuzi wa kuchoma saa nane kasoro.

Siku ipi ni nzuri?

Jumamosi. Jumapili inafaa, ila jioni yake unarudi pamoja na kila aliyekuwa harusini au msibani mkoani. Ijumaa jioni usijaribu. Mkesha wa Pasaka, Idi na wiki za mwisho za Desemba, ahirisha.

Msimu gani?

Juni hadi Septemba: kumekauka, kuna ubaridi wa asubuhi huko kwenye milima ya Uluguru, na kilele mara nyingi kinaonekana. Masika, Machi hadi Mei, Uluguru hujifunika ukungu na njia za mlimani huteleza vibaya. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, inakwenda ikirudi, kwa hiyo angalia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, jana yake.

Kuna jambo la mvua ambalo liko hapa hapa mjini. Bonde la Msimbazi likifurika, maji hupita juu ya barabara pale Jangwani na polisi huifunga. Kama usiku kulinyesha sana, usipitie Magomeni. Toka mjini kwa Barabara ya Nyerere, kunja Mandela pale TAZARA, utokee Ubungo. Wa Oysterbay, Mikocheni na Mwenge watashika Sam Nujoma.

Nina Toyota IST tu, gari dogo. Itafika?

Itafika na kurudi. Ni lami mwanzo mwisho, na milima mikali haipo mpaka uingie Morogoro yenyewe. Kinacholaza gari njiani ni mambo ambayo hayakuangaliwa. Siku mbili kabla, mpelekee fundi wako aangalie breki, maji ya rejeta, oili, feni na mkanda wa injini. Tairi ziangalie mwenyewe: pitisha kidole kwenye meno yake na ukague mbavuni kama kuna uvimbe. Tairi kuukuu inayovumilia Sinza hadi Posta haitavumilia saa nne za lami yenye joto.

Fungua buti utoe spea tairi uipime upepo. Wengi huigundua ina pancha siku wanapoihitaji, katikati ya Ubena. Jeki iwepo, spana ya magurudumu iwepo na iingie kwenye nati zako, pembetatu mbili za kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto. Lita tano za maji ya kawaida weka pia, yatasaidia rejeta na mikono.

Mafuta yatanigharimu kiasi gani?

Kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini ni kama kilometa 410. Gari la injini ndogo linalokula lita moja kwa kilometa 13 litatumia lita 32 hivi. Ukiwasha AC na kukaa nyuma ya malori hesabu 35. Gari kubwa linalokwenda kilometa 8 kwa lita linahitaji lita 50 na ushee. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kama mnachangishana, changieni mapema na hela akae nayo mtu mmoja.

Tozo ya barabara hakuna.

Trafiki ni wengi? Tochi, yaani kamera za mwendo, je?

Ndiyo, na wana sababu. Kwenye makazi mwisho ni kilometa 50 kwa saa, na barabara hii imejaa makazi: Mlandizi, Vigwaza, Mdaula, Chalinze, Ubena, Mikese. Wanaokamatwa si wote wenye haraka. Wengi hupigwa tochi kwa sababu nyumba zimeisha wakadhani hamsini imeisha. Haijaisha. Inaisha pale penye kibao cha 50 kilichokatwa mstari, na kibao hicho huwa mbele kidogo ya nyumba ya mwisho. Subiri ukione.

Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na unalipa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi. Leseni iwe hai, bima iwe hai, mikanda ifungwe, wa nyuma nao. Ukisimamishwa, washa taa ya kushoto, toka barabarani kabisa, shusha kioo, salimia. Ukiwa na karatasi zako huna haja ya kueleza mengi.

Na wenzako wanaokuja mbele wakikuwashia taa kukutahadharisha, chukulia kwamba mbele kuna kitu: tochi, ng'ombe, au lori limelala. Punguza, usijiulize ni kipi.

Nitayapitaje malori?

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapofia.

Kosa la dereva wa mjini ni kuliganda lori. Analisogelea mpaka haoni kitu isipokuwa milango ya kontena, kisha anachungulia kwa kutoa nusu ya gari upande wa pili. Fanya kinyume chake. Kaa nyuma, mbali kiasi cha kuona vioo vyote viwili vya lori na barabara iliyo mbele yake. Ukiwa mbali unaona kona inakuja, unaona mlima unaanza, na una nafasi ya kuchukua mwendo kabla ya kutoka. Gari dogo lenye watu watano na buti limejaa linahitaji mbio ndefu kulipita semi lenye treila, hasa mahali panapopanda.

Angalia pia mbele ya lori kuna nini. Mara nyingi si lori moja. Ni matatu yameongozana, na wewe umeona la mwisho tu. Kama hakuna pengo la kuingia katikati yao, subiri. Mstari usiokatika, daraja na kona si pa kujaribu hata kama basi limejaribu.

Madereva wa malori wana lugha yao ya taa. Akiwasha indiketa ya kulia huku hakunji popote, anakwambia usije, kuna gari. Akiwasha ya kushoto, anakuruhusu. Ni wema wa barabarani na wengi huufanya kwa nia safi, lakini yeye hajui gari lako lina nguvu kiasi gani. Ya kulia itii bila kubisha. Ya kushoto ichukue kama taarifa, kisha hakikisha kwa macho yako.

Ukiona matawi mabichi yamewekwa juu ya lami, moja, halafu hatua chache jingine, punguza mara moja. Mbele kuna gari lililoharibika, pengine nyuma ya kona, na anayeliuguza hakuwa na pembetatu. Karibu na mizani, Vigwaza na Mikese, malori hupanga foleni na kutoka polepole. Hapo pia mguu uwe tayari kwenye breki.

Nikikuta lori la mafuta limepinduka?

Usisimame, usipige picha, usiruhusu mtu ashuke. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la petroli lilianguka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Kama uko nyuma yake, geuza urudi mbali na zuia wengine. Polisi ni 112, zimamoto ni 114.

Tusimame wapi kuchimba dawa na kula?

Chalinze, njiapanda ya Tanga na Moshi, kama kilometa 107 kutoka Dar. Kuna sheli zenye vyoo vinavyosafishwa, chai, chapati, supu. Dereva ashuke, anyooshe miguu robo saa. Kwa watoto wadogo ongeza kituo kimoja Mlandizi. Kichakani usiwasimamishe: ukingo wa barabara ni mwembamba na upepo wa basi linalopita unamyumbisha hata mtu mzima.

Mtoto anayetapika garini asinywe maziwa alfajiri. Mpe mkate mkavu, akae katikati aone mbele, na simu aiache.

Matunda na mahindi ya kuchoma nunueni wakati wa kurudi, ili gari lisinuke asubuhi yote.

Tukifika, tuna muda wa kufanya nini?

Mkifika saa tatu asubuhi na kuondoka saa nane, mna saa tano. Zinatosha mambo mawili. Siyo manne.

Milima mtaiona kabla ya mji. Mkishapita Mikese, angalieni kushoto: Uluguru inasimama ghafla, ya buluu kwanza, halafu kijani, na mashamba yameparamia mpaka juu. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita mita 2,600, na msitu wake una ndege, vyura na mimea isiyopatikana kwingine duniani. Wenyewe Waluguru wanafuata ukoo wa mama, na ardhi nyingi hurithiwa kwa upande huo.

Kwa mtu wa Dar, mlima huu si mandhari tu. Mto Ruvu unaanzia huko. Maji mengi tunayokunywa, kupikia na kufulia huchotwa kwenye mto huo, katika mtambo wa Ruvu Juu ulio Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, wenye lita milioni 270. Mwezi Oktoba 2022 mto ulipungua na jiji likagawiwa maji kwa zamu. Wengi wetu tulinung'unikia bomba. Ningependa kila mzazi amwonyeshe mtoto wake msitu ule na kumwambia kwamba ukikatwa, ndoo ya Tandale inakauka. Mkivuka daraja la Ruvu, punguza mwendo watoto wautazame mto wenyewe. Kiangazi huwa mwembamba kuliko wanavyodhani.

Wenye miguu wapande Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani iliyo kwenye mgongo wa mlima juu ya mji. Kupanda ni kama saa mbili kwa mwendo wa kawaida, kupitia mashamba ya karoti, njegere na migomba. Chukueni mwongozaji mjini, na ulizeni kibali, kwa kuwa huko juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya TFS, wakala wa misitu. Viatu vyenye meno, maji lita moja na nusu kila mtu, sweta. Kilele cha Bondwa, kwenye minara, kiacheni kwa siku mtakayolala.

Wenye watoto wadogo au wazee waende Rock Garden, chini ya mlima, ambako kijito kinapita kwenye miamba na mtu anaweza kukaa tu akipunga upepo. Kisha Soko la Chifu Kingalu: mboga za mlimani, ndizi, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Bei za viungo huwa nafuu kuliko Kariakoo, na mama anayeuza huenda ndiye aliyelima. Muulize ametoka kijiji gani, atakwambia na jinsi ya kuvihifadhi.

Chakula cha mchana agizeni mapema. Nyama choma inayoagizwa saa saba na nusu italiwa saa tisa, na ratiba yote itakuwa imekufa. Wali, maharage, mboga na kuku wa mama lishe wa sokoni huwa tayari saa sita na nusu.

Kwa nini nisipande SGR?

Kama mko wawili na hamna mizigo, pandeni. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, inakimbia hadi kilometa 160 kwa saa, na haichukui hata saa mbili. Hakuna tochi wala semi. Kateni tiketi mapema, hasa ya kurudi, na mkishuka chukueni bajaji au teksi, maana stesheni iko nje kidogo ya katikati ya mji.

Gari lina faida mnapokuwa wanne watano, mkiwa na mtoto mchanga au mzee, au mkitaka kurudi na mkungu wa ndizi. Binafsi ningemshauri dereva asiye na uzoefu wa barabara kuu aanze na treni, aitazame njia, kisha siku nyingine aje na gari akiwa na mwenzake anayeijua.

Tunaweza kufika Mikumi na kurudi siku hiyo hiyo?

Kwa gari, msijaribu. Ni kilometa mia moja na kitu zaidi baada ya Morogoro, na mtaingia hifadhini jua limeshapanda, wanyama wamelala vivulini. Mikumi inataka usiku mmoja. Mkienda, kumbukeni barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilometa 50 hivi: mwendo ni mdogo na anayegonga mnyama analipa faini kulingana na mnyama mwenyewe.

Hatuna siku nzima. Kuna mahali karibu zaidi?

Kisarawe. Kama kilometa 30 tu, kupitia Barabara ya Nyerere, Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto na Pugu. Mnatoka saa mbili asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani. Kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani, njia za kutembea na mapango ya kaolini yenye popo. Mkipita Pugu waonyesheni watoto shule ambako Julius Nyerere alifundisha mpaka alipojiuzulu ualimu mwaka 1955 na kushika chama cha TANU moja kwa moja. Foleni ya Gongo la Mboto ndiyo kero pekee.

Ninaishi Bunju. Lazima nirudie Kibaha?

Siyo lazima. Pale Chalinze kunja kushoto kama unaelekea Tanga, ukifika Msata ingia barabara ya Bagamoyo. Msata hadi Bagamoyo ni kilometa 64 za lami, malori ni machache, na utatokea Bunju na Tegeta bila kuiona Ubungo. Kwa wa Mbweni, Boko na Bunju njia hii huokoa uchovu hata kama kilometa zinaongezeka. Wa Temeke na Ilala haiwafai. Na ina vijiji na matuta, kwa hiyo hamsini ni hamsini huko pia.

Imefika saa moja usiku, ndiyo kwanza niko Chalinze. Niendelee?

Kama umechoka, lala. Chalinze kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida, na kazini watakuelewa ukichelewa. Kusinzia hakuzuiwi na kahawa wala muziki wa sauti kubwa. Aliyepumzika anayetaka kuendelea afute vioo vya mbele na taa zote kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi na wadudu huzidisha mng'ao wa taa zinazokuja. Usitazame taa zile. Tazama mstari wa kushoto wa barabara. Angalia waendesha baiskeli na bodaboda zisizo na taa, na malori yaliyoegeshwa nusu lamini. Usipite gari lolote mpaka Mlandizi. Panga muda wa saa tatu kufika Ubungo, na mpigie simu anayekusubiri umwambie hivyo, ili asikupigie kila dakika kumi ukiwa unaendesha.